Barafu Kwenye Chupa ya Sista Kanyiva

Habari yenyewe ilianza na sifa. Ndolo alikuwa amepitia tu dispensari ya Mbumbuni kusalimia, begi la vifaa begani, akiwa njiani kurudi upande wa Kitui. Sista Kanyiva akamshika mkono, akamvuta hadi chumba cha nyuma kama mtu anayetaka kuonyesha ng'ombe aliyezaa mapacha.

"Mzee, hii friji uliyotutengenezea ni kiboko. Hebu ona mwenyewe."

Akainua kifuniko. Ilikuwa friji ya chanjo, ile nyeupe ya kulala kama sanduku, inayotumia jua. Chini yake hupangwa chupa za maji za kushikilia baridi wakati jua limepotea. Kanyiva akainama, akatoa moja, akaitingisha mbele ya uso wa Ndolo.

"Sikia! Barafu. Na joto la Machi hivi! Hapa sokoni hata mwenye soda hana barafu."

Ndolo akaipokea ile chupa. Ndani vilielea vipande vyembamba kama vioo vya taa vilivyovunjika, na vilikuwa vinagongana. Akageuza macho kwenye kioo kidogo cha friji, pale namba zinapoandikwa. Nyuzi nne nukta nane. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, imetulia, haina wasiwasi na mtu.

Shule ya Ndolo iliishia darasa la sita. Mengine aliyaokota njiani: redio kwa Mhindi mmoja wa Mombasa, televisheni Voi, simu za mkononi Emali, na kozi ya posta ambayo hakumaliza. Lakini hata mtu ambaye hajaona mlango wa darasa anajua maji hayagandi kwenye nyuzi nne nukta nane.

"Imekuwa hivi tangu lini?" akauliza.

"Tangu uitengeneze! Wiki ya sita hii. Mbona unauliza hivyo? Nilidhani utafurahi."

"Nimefurahi," akasema Ndolo. "Ngoja nipige simu kidogo."

Akatoka nje. Kwenye benchi la veranda walikuwa wamekaa akina mama saba na watoto wao wachanga, kwa sababu ilikuwa Jumatano, na Jumatano ndiyo siku ya chanjo Mbumbuni. Akawapita akiitikia salamu. Mikono yake ilikuwa bado na ubaridi wa ile chupa.

Mwanzo wa Februari, friji hiyo ilikuwa imekataa kuamka. Radi ilipiga kilima cha pili, umeme ukarukaruka kwenye nyaya za sola, na kesho yake taa nyekundu ikawa inakonyeza mara tatu, inapumzika, inakonyeza tena. Kanyiva alihamisha chanjo zake kwenye kituo kingine na kumtafuta Ndolo, ambaye alisemekana kuwa Matinyani.

Ndani ya friji kama hiyo kuna bodi, na kwenye bodi kuna kichwa kidogo kinachoamka kabla ya vingine vyote. Jua likigusa paneli, chenyewe ndicho cha kwanza kupata umeme. Kwanza kinajikagua. Halafu kinawasha sensa, vile vijidude vya kupima joto. Halafu feni. Halafu kinangoja jua lipate nguvu ya kutosha, ndipo kinaita kompresa. Kila kitu kwa zamu yake. Kimoja kikiruka zamu, kompresa inavuta umeme wote na bodi inazima kabla haijafika popote. Ndolo alipenda sana mpango huo. Angeweza kukaa mbele ya friji asubuhi akisikiliza tu: tik ya kwanza, feni inapumua, kimya, kimya, halafu lile guno la kompresa.

Kichwa hicho hupata maagizo yake kutoka kwa chipu moja ya miguu minane, ndogo kuliko punje ya mahindi. Radi ilikuwa imevuruga maandishi ya chipu hiyo, na Ndolo alijua namna ya kuyarudisha, au alidhani anajua. Aliyemfundisha ni kijana wa Kikuyu aitwaye Waithaka, anayetengeneza kompyuta za malori ndani ya kontena kule Mtito Andei. Ndolo alikaa kwake siku kumi na mbili mwaka juzi. Waithaka alimchorea kwenye kipande cha katoni: chipu hiyo ni boma lenye vyumba. Chumba cha kwanza hufungwa kiwandani, hakiandikwi tena, na ndani yake anakaa mlinzi. Chumba cha pili na cha tatu vina programu ile ile, nakala mbili, moja ikiharibika nyingine ishike kazi. Kila asubuhi mlinzi anakagua saini ya kiwanda kabla ya kufungua. Akikuta saini si yenyewe, hawashi kitu, hata umlilie.

Siku ya kumi na tatu lori la kwenda Voi likapata nafasi mbele kwa dereva, na Ndolo akapanda. Ndivyo alivyokuwa. Hakuna mahali alipowahi kukaa hadi mwisho wa somo.

Basi, dispensari ya Matinyani ilikuwa na friji ya kampuni ile ile, rangi ile ile, zote mbili zililetwa na wafadhili wale wale. Muuguzi wa huko, Gedion, alimruhusu kufungua bodi yake kwa saa moja. Ndolo akabana chipu kwa kibanio, akasoma kila kitu kilichoandikwa ndani, herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akakihifadhi kwenye kompyuta yake kuukuu. Akaja Mbumbuni. Akaweka sufuria yenye mchanga wa mto juu ya jiko, mchanga aliouchekecha mwenyewe, ukashika joto sawasawa kuliko mashine nyingi za dukani, akalaza bodi juu yake mpaka solda iliyoshikilia chipu ikalainika, akang'oa ile chipu kwa kibano. Hata chumba cha mlinzi, ambacho hakiandikwi ikiwa chipu iko kwenye bodi, kilifunguka, kwa sababu chipu ilikuwa mkononi mwake, peke yake, bila bodi ya kuikinga. Akaandika yote. Akairudisha. Jua likagusa paneli. Tik. Feni. Kimya. Guno. Taa ya kijani. Kanyiva alipiga makofi, na wale wamama waliokuwepo wakapiga vigelegele.

Sasa alikuwa amesimama nyuma ya choo cha dispensari, simu sikioni.

"Guka!" Waithaka alipokea kwa kelele, akimwita babu kwa Kikuyu kama kawaida yake, malori yakinguruma nyuma. "Uko hai? Uliniachia chai mezani ukapotea na lori."

"Nisikilize. Ile chipu ya miguu minane. Baada ya chumba cha tatu kuna nini?"

"Hatukufika hapo, eh?"

"Hatukufika."

"Kuna cha nne. Hicho ni cha mashine yenyewe. Namba yake, vipimo vya sensa zake. Unajua sensa hazifanani, kila moja inapimwa kiwandani na kuandikiwa marekebisho yake. Hicho chumba hukopi, guka. Unakiacha vile ulikipata."

"Na mlinzi hakiangalii?"

"Akiangalie na nini? Kila mashine iko na yake, kiwanda kitatia saini ngapi? Saini ni ya programu tu." Akasogea mbali na kelele za malori. "Umefanya nini?"

"Nilikopi boma lote."

"Aah, guka. Ya lori gani?"

"Si lori," Ndolo akasema, na akakata simu.

Akabaki ameegemea ukuta. Sasa ilikuwa wazi kama mchana uliokuwa unamchoma kichwani. Alikumbuka Gedion akisema kwamba sensa ya Matinyani ilibadilishwa mwaka jana, ikaletwa ya aina nyingine. Alisikia maneno hayo kwa masikio yake mawili na akaendelea kubana chipu. Friji ya Mbumbuni ilikuwa inajipima kwa macho ya friji nyingine. Ilipoganda, ilijiona iko sawa. Mlinzi alikagua saini kila asubuhi, akaikuta ni ya kiwanda, halali kabisa, akawasha taa ya kijani. Na Kanyiva, asubuhi na jioni, aliandika kwenye ile karatasi ya mlangoni: 4.8, 4.7, 4.8. Ile themomita ya pili, ndogo, ya kuwekwa katikati ya chanjo ili kuishuhudia friji, betri yake ilikuwa imekufa tangu Novemba, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado inatembea maofisini.

Kuna chanjo zinazovumilia baridi kali, na kuna zisizovumilia. Hilo Ndolo alilijua kwa sababu Kanyiva mwenyewe alimwambia mwezi wa pili akiwa anahesabu vichupa: "Hii penta, mzee, ya kukinga kifaduro na magonjwa mengine manne, ikiganda hata mara moja, ni maji ya kunawa. Unamdunga mtoto, mtoto analia, mama anaenda nyumbani akijua amekingwa. Kumbe hakuna kitu."

Kwenye barabara, lori la mchanga lilikuwa limesimama kuongeza maji. Dereva alimtambua, akatoa kichwa dirishani.

"Fundi! Kitui?"

Hapa nisidanganye mtu: miguu ya Ndolo ilipiga hatua tatu kuelekea lori. Begi lilikuwa begani tayari. Na akili yake, ambayo ilikuwa hodari kutafuta njia, ilimletea nyingine iliyo bora zaidi kuliko kukimbia. Kwamba arudi ndani, aseme anataka kuisafisha friji kidogo. Dakika ishirini. Vipimo vya sensa ya Mbumbuni viliandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwenye waya wake, alikuwa amekiona. Angeviandika kwenye chumba cha nne, friji ingerudi sawa, barafu ingeyeyuka, na hakuna mtu chini ya mbingu angejua. Wala asingekuwa ametengeneza uongo. Angekuwa ametengeneza friji.

Ndipo akasikia mtoto akilia ndani ya chumba cha sindano, kile kilio cha kuvuliwa nguo, bado si cha kudungwa.

Akarudi mbio. Mzee wa miaka sitini na tisa akikimbia ni kitu cha kuchekesha, na wamama wa benchi walianza kucheka kweli. Akasukuma mlango bila kubisha. Kanyiva alikuwa ameshika paja la mtoto kwa mkono wa kushoto, bomba la sindano mkono wa kulia.

"Sista, usidunge."

"Mzee, toka nje, huku kuna mama—"

"Usidunge. Friji inaganda. Inasema nne lakini inaganda. Ile barafu. Ni mimi niliiharibu."

Kanyiva hakushusha mkono mara moja. Alimtazama, halafu akatazama mlango wa chumba cha nyuma, halafu sindano. Ndolo akaona hesabu ikipita usoni mwake, wiki kwa wiki. Akaweka sindano chini kwenye trei, polepole, kana kwamba ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

"Mvalishe mtoto, mwaitu," akamwambia yule mama. "Leo hatudungi."

Nje, mlango ulikuwa wazi na wote walikuwa wamesikia. Mama mmoja aitwaye Wavinya, mwenye mjukuu mgongoni na ulimi usiokuwa na mlango, akasimama.

"Ati imeharibika? Na huyu wangu alidungwa wiki nne zimepita. Mmemtia nini?"

"Haina sumu, susu, bibi yangu," Kanyiva akasema. "Haitamdhuru. Ila inaweza kuwa haikumsaidia."

"Inaweza. Sasa ni inaweza ama ni haikusaidia?"

"Nitajua kesho."

"Na huyu mzee na begi lake, yeye ni daktari?"

"Mimi ni fundi, mwaitu," akasema Ndolo. "Na sikuwa fundi wa kutosha."

"Hata mimi naona," Wavinya akasema, na hakuna aliyecheka.

Walipoondoka, Ndolo akafungua begi akatoa bisibisi. Mikono ilikuwa inamwasha. "Nipe dakika ishirini niirudishe sawa."

"Usiguse." Sauti ya Kanyiva ilikuwa ya chini sana. "Usiiguse hata kwa kidole. Ukiitengeneza, nitawaonyesha nini wakubwa? Watasema nilikuwa nalala. Miaka kumi na saba, Ndolo. Hata siku moja sijaacha kuandika hiyo karatasi. Asubuhi na jioni. Ona!" Akaichomoa karatasi mlangoni, akaikunjua mbele yake, safu za namba nzuri za kalamu ya bluu. "Ona vile nimeandika uongo vizuri."

Ndolo akairudisha bisibisi begini. Kanyiva hakuwa amewahi kumwita kwa jina bila kutanguliza mzee.

Wauguzi wana njia ya kuuliza kichupa kama kiliganda, na haihitaji mashine. Mchana huo Kanyiva alichukua kichupa kimoja cha penta akakitia alama ya wino, akakipeleka kwenye friza la bucha la jirani, kilale huko mpaka kigande kabisa. Hicho ndicho kilichojulikana kuwa kimekufa. Alhamisi asubuhi akakiacha kiyeyuke, akachukua kingine kutoka kwenye friji, akavishika vyote viwili kwa mkono mmoja na kuvitikisa, maji yake yakawa meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Akaviweka mezani, dirishani, penye mwanga.

"Chanjo nzima inakaa nyeupe muda mrefu," akasema. "Iliyoganda inatua chini haraka. Huyu wa alama tunajua atatua. Tumwangalie mwenzake."

Wakakaa. Ndolo alikuwa amelala kwenye godoro la stoo ya kanisa, hakupata usingizi wa maana, na macho yalikuwa mazito. Hakupepesa. Dakika tano. Kwenye kichupa cha alama, juu kulianza kuwa safi, unga ukishuka kama mchanga mtoni maji yakipungua. Akahamisha macho kwenye kile cha pili.

Kilikuwa safi juu vile vile.

Kanyiva akavitikisa tena, labda hakutikisa sawa. Wakangoja tena. Vikatua pamoja, mstari mmoja na mwingine, kama watoto wawili wanaoteremka ngazi wameshikana mikono. Akatikisa mara ya tatu. Akachukua kichupa kingine, na kingine. Mpaka saa nne hakukuwa na kilichobaki cheupe.

Akavuta kitabu cha kliniki, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. Watoto arobaini na mmoja.

Alipiga simu kwa wakubwa wake mbele ya Ndolo, akasema kila kitu bila kujitetea, na Ndolo akasikia ile sauti ya upande wa pili ikiuliza ni nani alimruhusu mtu asiye na cheti kufungua friji ya serikali. "Mimi," Kanyiva akasema. "Niliomba fundi kwenu mara nne. Halafu nikaomba huyu." Waliamua vichupa vipya viletwe kwa sanduku la barafu kutoka kwingine, watoto wote waitwe wadungwe upya, na yeye aandike maelezo. Habari ya kazi yake wangeizungumza baadaye. Hilo neno baadaye likabaki ndani ya chumba kile siku zote zilizofuata.

Jumapili, Ndolo akaenda kanisani, mahali ambapo kwa miaka mingi alikuwa anapita tu nje akielekea kwingine. Mchungaji alimpa nafasi baada ya matangazo. Alisimama mbele na kofia mkononi. Alikuwa amejiandalia maneno juu ya saini na vyumba na sensa, lakini alipoona zile nyuso aliyaacha.

"Nilitengeneza friji ya dispensari nikaitengeneza vibaya," akasema. "Ilikuwa inaganda na inasema iko sawa. Sista aliamini kile ilisema, kwa sababu mimi nilimwambia aamini. Watoto waliodungwa penta tangu Februari tarehe tano hawajakingwa. Warudisheni. Kosa si la sista."

Halafu Wavinya akasema kutoka kwenye viti vya wamama, kwa sauti ya kanisa zima: "Na ukirudi kuitengeneza tena, nani atatuambia umeitengeneza?"

"Siitengenezi mimi. Anakuja mtu wa kampuni."

"Afadhali."

Kwa wiki nzima alitembea na orodha. Kanyiva alimpa majina na vijiji, na yeye alikuwa na kitu kimoja ambacho wengine hawakuwa nacho, yaani miguu iliyojua kila njia ya ng'ombe kutoka Mbumbuni hadi mtoni. Kwingine alipewa kiti na uji. Kwingine alifukuziwa mbwa. Baba mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mtoto wake hatadungwa tena na yeyote, na ilibidi Kanyiva aende mwenyewe mara mbili. Majina yalifutwa moja moja. Kufika Jumanne ya pili lilibaki jina moja: Kalunde, msichana wa wiki kumi na moja, mama yake Mutanu. Nyumba yao ilikuwa imefungwa. Jirani alisema Mutanu amehamia Mtito Andei, anapika chai ya madereva.

Walimpata Jumatano mchana, nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye kibanda cha mabati chenye meko mawili. Kanyiva alikuwa amebeba sanduku la barafu begani. Mutanu alikuwa mama mwembamba wa miaka ishirini na kitu, mtoto amefungwa mgongoni kwa leso, na alikuwa anachota chai kwa kikombe kimoja na kufukuza nzi kwa kingine.

"Sista! Umefuata chai mpaka huku?" akacheka. Kisha akaona sanduku, akaacha kucheka.

Kanyiva akamweleza. Mutanu alisikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, akamgeukia Ndolo.

"Na wewe ndiye yule fundi wa vigelegele. Nilikuwa hapo siku hiyo. Mimi nilipiga."

"Ni mimi."

"Nilitoka Mbumbuni na roho nyeupe. Nikasema hapa kuna malori ya kila nchi, watu wa kila aina wanakohoa juu ya meza yangu, lakini huyu wangu ameshadungwa. Singemleta huku kama hajadungwa, unaelewa? Ningemwacha kwa mwaitu, kwa mama yangu."

Ndolo alielewa. Hakuna mtu kwenye nyumba zote arobaini aliyekuwa amemwambia hilo, kwamba taa yake ya kijani iliwafanya watu waende mahali.

Mtoto akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, halafu kingine juu yake, na kingine, bila nafasi ya kuvuta pumzi katikati. Kanyiva aliweka sanduku chini.

"Ameanza lini?"

"Jumamosi. Ni moshi wa haya meko, ama vumbi la malori. Kila mtu hapa anakohoa."

"Mfungue nimwone."

Alimlaza kwenye benchi la wateja. Dereva mmoja akasogeza kikombe chake. Kanyiva akainamisha sikio kwenye kifua kile kidogo, akakaa hivyo muda mrefu. Kalunde akakohoa tena, uso ukawa mwekundu, kisha ukaanza kuwa na rangi nyingine kuzunguka midomo, kabla hajavuta pumzi kwa nguvu na kulia.

"Ni moshi?" Mutanu akauliza.

"Inaweza kuwa moshi."

"Sista."

"Sijui, Mutanu. Singoji nijue. Twende hospitali sasa hivi."

Mutanu alimwaga chai yote kwenye moto. Hakumwomba mtu amwangalizie kibanda.

Hospitalini walimpokea mtoto, wakamchoma dawa, wakampitisha kijiti puani kuchukua cha kupima, wakasema kipimo kinakwenda mbali, majibu ni Ijumaa. Mpaka hapo hawangesema kuwa ni kifaduro na hawangesema kuwa si chenyewe. Kanyiva ilibidi arudi Mbumbuni na sanduku lake kabla barafu haijaisha; kliniki ya Jumatano ilikuwa imesogezwa hadi kesho yake, na mtu wa kampuni alikuwa anakuja, na wakubwa nyuma yake. Aliondoka bila kumuuliza Ndolo anaelekea wapi. Alikuwa amezoea.

Ndolo alibaki kwenye benchi la wodi ya watoto. Kupitia dirishani ilionekana barabara kuu na malori yake yakipanda na kushuka, Mombasa na Nairobi, na yeyote kati ya madereva wale angemchukua. Mutanu alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani. Baada ya muda mrefu akainua macho.

"Wewe bado uko? Si sista ameenda?"

"Ameenda."

"Basi unangoja nini?"

"Majibu."

"Majibu ni Ijumaa. Na yakija yatakusaidia nini wewe?"

"Hayatanisaidia."

Mutanu alimtazama kwa hasira, au labda ilikuwa uchovu tu. Tangu asubuhi hakuwa amekunywa hata maji. Akasimama, akaja hadi kwenye benchi, akamwekea mtoto mikononi kwa nguvu kidogo, kama mtu anayerudisha kitu kilichouzwa kibovu.

"Mshike nikatafute maji. Usimlaze. Akikohoa mwinue kichwa. Asipovuta pumzi, piga kelele."

Akatoka. Kalunde alikuwa mzito kuliko Ndolo alivyotarajia, na alikuwa na joto. Alimtazama kwa macho meusi, akakunja uso, na kikohozi kikaja, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Ndolo akamwinua kichwa. Cha tano. Halafu kimya. Mzee akainamisha sikio karibu kabisa na mdomo ule mdogo uliokuwa wazi, akangoja.